Kobe Yule Hajapotea Njia



Jumamosi iliyopita nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, natafuta viatu vya shule vya binti yangu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na ninyi mnaujua mtaa ule baada ya mvua: mkono mmoja umeshika suruali isichafuke, mkono wa pili umeshika mfuko wa pesa. Mbele kidogo niliona watu wamezunguka ndoo ya plastiki. Nikadhani ni dagaa, nikadhani ni sumu ya panya. Nilipochungulia nikaona kobe.

Alikuwa na ukubwa wa sahani ya chai, gamba lake bapa na la rangi ya tope. Mwenye ndoo alikuwa kijana wa miaka kama 15 hivi. Ndani ya ndoo hamkuwa na maji hata tone. Alikuwa ametia mchanga mkavu na fungu la mchicha.

"Shikamoo anko," aliniambia. "Chukua kobe huyu ukafuge. Elfu ishirini tu, maongezi yapo."

"Marahaba. Umempata wapi?"

"Jangwani. Alikuwa anavuka barabara, amepotea njia. Ningemwacha, gari lingemkanyaga."

Pembeni yangu alikuwapo dada mmoja amemshika mkono mtoto wa miaka mitano, na mtoto yule alikwishaanza kulia akimtaka kobe. Mama akataja elfu kumi. Kijana akashuka hadi kumi na tano. Biashara ilikuwa karibu kukamilika, nami nikajikuta nimeiingilia kwa kusema, "Dada, naomba usimnunue. Huyo mnyama atakufia nyumbani."

Wote wawili walinitazama kama mtu aliyemwaga pilau ya wageni. Basi, ndugu wasikilizaji, niliyowaambia pale mtaani, kwa haraka na kwa kigugumizi, ndiyo ninayotaka kuwaeleza leo kwa utulivu.

Kiswahili chetu kina jina kobe na kina jina kasa. Kobe tunamjua ni wa nchi kavu, kasa ni wa baharini. Lakini yupo wa tatu, ambaye wengi wetu tunamwita kobe tu, au tukijitahidi tunamwita kobe wa maji. Huyu haishi baharini wala porini pakavu. Makao yake ni madimbwi, mabwawa, vinamasi na mito inayokwenda polepole. Ukitaka kuwatofautisha, waangalie miguu. Kobe wa nchi kavu ana miguu kama ya tembo, minene, ya kubebea mzigo. Kasa ana makasia ya kuogelea. Kobe wa maji ana vidole vyenye kucha, na katikati ya vidole mna utando kama wa bata. Miguu yake inafaa kazi zote mbili, yaani kuogelea na kutembea.

Yule wa kwenye ndoo alikuwa na miguu hiyo. Alikuwa pia na vindevu viwili vifupi chini ya kidevu, na mdomo uliopinda kama mtu anayetabasamu peke yake. Kijana alipomgusa kichwa, kobe hakukirudisha ndani moja kwa moja kama tulivyozoea kuona. Alikikunja ubavuni, akakilaza chini ya ukingo wa gamba, kama mtu anayejifunika shuka uso. Hiyo ni alama ya ukoo wake. Kobe wanaokunja shingo ubavuni leo wamebaki zaidi katika nchi za kusini ya dunia: Afrika na Bukini, Amerika ya Kusini na Australia. Ni ukoo wa kale mno, wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 100. Hata katika Bonde la Olduvai, ambako wataalamu walichimbua mabaki ya binadamu wa kale, wamechimbua pia mabaki ya kobe wa maji.

Kwa Kilatini kobe huyu anaitwa Pelomedusa. Wazungu walimwandika katika vitabu vyao mwishoni mwa karne ya 18, na kwa muda mrefu iliaminika kwamba aina yake ni moja tu, kuanzia Uarabuni na Sudan hadi Rasi ya Tumaini Jema. Mwaka 2014 wataalamu walioongozwa kutoka Dresden, Ujerumani, walichunguza vinasaba vyake na kuonyesha kwamba si aina moja, bali ni aina zipatazo kumi zinazofanana kwa sura. Mojawapo ni ya hapa kwetu Tanzania, na wakaipa jina la Pelomedusa kobe. Naam, neno letu hilihili la Kiswahili, la hadithi za sungura na kobe, limeingia katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima. Iwapo yule wa kwenye ndoo ni wa aina hiyo au ni ndugu yake, macho yangu hayawezi kupambanua. Anao pia binamu, ambao Kilatini kinawaita Pelusios. Hao gamba lao la tumboni lina bawaba kama ya mlango: wakiogopa huvuta kichwa kisha hufunga. Huyu wetu hana mlango. Silaha yake ni harufu, maana ana tezi zinazotoa uvundo akishikwa. Shati la kijana yule lilikuwa shahidi tosha.

Sasa kuhusu mchicha. Kobe wa nchi kavu hula majani. Huyu chakula chake kikubwa ni nyama. Hula wadudu wa majini, konokono, viluwiluwi, vyura, samaki na mizoga. Watazamaji wa wanyama wameandika kwamba katika madimbwi ya mbugani kobe hawa huvizia njiwa wanaokuja kunywa maji, huwakamata miguu na kuwavuta chini. Huko Afrika Kusini wameonekana pia wakiwatoa kupe vifaru waliolala majini. Kwa hiyo ukimtilia mchicha katika mchanga mkavu, umemfungia bila chakula na bila maji, ingawa wewe unadhani umemkirimu. Naye ni mvumilivu, hatakufa kesho. Atadhoofika wiki baada ya wiki, hapigi kelele, na siku utakapogundua utasema, "Mbona jana alikuwa mzima?"

Ndugu wasikilizaji, jambo hili silisemi kutoka vitabuni peke yake. Nilipokuwa mtoto, wakati wa zile mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998, bonde la Jangwani lilijaa maji, na sisi watoto tulikuwa tukishuka huko kutafuta mpira wetu na kurudi na kila kitu isipokuwa mpira. Siku moja tulirudi na kobe. Tukajadiliana: huyu ni wa majini, basi tumpe maji. Tukamtia katika pipa la maji ya mvua nyuma ya nyumba, pipa limejaa hadi shingoni, tukafunika na kipande cha bati ili asitoroke. Siku ya tatu tulipofunua tulimkuta anaelea, miguu imening'inia. Bibi yangu alikuja, akatazama, akasema neno moja tu: "Mmemnyima pa kukanyaga." Hakutuchapa. Mpaka leo naona afadhali angetuchapa.

Bibi hakusoma baiolojia, lakini alisema kweli. Kobe wa maji anavuta hewa kwa mapafu kama mimi na wewe. Anaweza kuzama muda mrefu, lakini lazima apande apumue, na lazima apate ukingo, jiwe au tope la kupumzikia. Pipa halina ukingo. Kisima kilichojengewa kwa saruji hakina ukingo. Mwenye kumtumbukiza humo amempa adhabu ya kuogelea bila kupumzika hadi nguvu ziishe.

Na gamba lake si nyumba aliyohamia, kama konokono wa hadithi anayevua na kuvaa. Gamba ni mifupa yake mwenyewe, mbavu na uti wa mgongo vilivyoungana. Lina uhai na lina hisia. Watoto wanaolitoboa wapitishe kamba wanatoboa mfupa wa mnyama aliye hai.

Sasa turudi kwenye neno la yule kijana. Alisema kobe amepotea njia. Hilo ndilo lililonigusa kuliko bei yake, maana ndivyo tunavyofikiri sote. Tukimwona kobe barabarani tunasema masikini, amepotea, tumwokoe.

Ukweli ni kwamba kobe huyu ni mtaalamu wa maji yasiyodumu. Wanyama wengi wa majini hutaka mto au ziwa la kudumu. Yeye amechagua madimbwi yanayojaa masika na kukauka kiangazi, ambako mamba hakai. Dimbwi likianza kukauka hababaiki. Hujichimbia katika tope, tope hukauka juu yake, naye hulala humo miezi kadhaa bila kula, akisubiri. Unaweza kupita juu yake ukicheza mpira usijue kwamba chini ya unyayo wako kuna mtu amelala. Mvua ikinyesha na ardhi ikilainika, huamka, hujitoa, na kuanza safari kwa miguu kutafuta dimbwi jipya, chakula na mwenzake. Kwa hiyo ukimkuta kobe wa maji anavuka barabara baada ya mvua kubwa, usidhani amepotea. Yuko safarini, na ratiba yake ni ya zamani kuliko barabara yako.

Jike hutoka tena majini kutaga. Hutafuta udongo mzuri karibu na ukingo, huchimba shimo kwa miguu ya nyuma, hutaga mayai yanayoweza kufika kumi na kadhaa au zaidi, hufukia, na kwenda zake. Halali juu ya mayai wala halindi. Jua na udongo ndivyo vinavyolea, na joto la udongo ule ndilo linaloamua watakaozaliwa watakuwa majike au madume. Baada ya kiasi cha miezi mitatu vitoto hutoka na kujitafutia maji vyenyewe. Huo ndio maisha yake yote: maji kidogo, tope la kulalia, udongo wa kutagia, na njia ya kupita kati ya hivyo vitatu.

Je, katikati ya jiji letu hivyo vitatu viko wapi? Jina lenyewe la Jangwani ni kichekesho, maana hakuna mahali penye maji kuliko pale. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Kigogo, unapita Jangwani, na kuingia baharini penye daraja la Salenda. Tangu zamani mto huu umekuwa ukitanuka masika na kusinyaa kiangazi, ukiacha madimbwi na matope kila upande. Kwa macho ya kobe huo ni mji mzuri kuliko yote. Kwa macho yetu ulikuwa uwanja mtupu, nasi tukajenga. Desemba mwaka 2011 mto ukaja kudai nafasi yake, makumi ya watu wakapoteza maisha katika jiji hili, na waliookolewa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Baadaye tukajenga karakana ya mabasi yaendayo haraka palepale bondeni, na mabasi nayo yakaogelea.

Mwaka 2022 serikali ilipata mkopo wa Benki ya Dunia kwa ajili ya mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi. Nyumba nyingi za bondeni zimekwishavunjwa baada ya wenyewe kulipwa fidia, na mpango unataja kupanua mto, kujenga daraja refu zaidi la Jangwani, na kuweka bustani kubwa ya jiji. Sina ugomvi na daraja. Mimi mwenyewe nimekwisha kulala Magomeni kwa rafiki kwa sababu barabara ya Jangwani imefungwa na maji. Mtu aliyepoteza mtoto katika mafuriko hawezi kusikia habari za kobe kabla ya habari za usalama wake, wala simlaumu.

Ninachoomba ni kidogo. Bustani zetu tumezoea kuzijenga kwa namna moja: zege, majani mafupi, kingo za mawe zilizosimama wima, na bango la kukataza kukanyaga. Bustani kama hiyo kwa kobe ni sawasawa na lile pipa letu la mvua. Ina maji lakini haina pa kukanyaga. Basi wataalamu wetu wa mradi waache sehemu yenye matete na ukingo wa mteremko. Waache tope libaki tope. Tope hilo hilo linalomlaza kobe ndilo linalonyonya maji ya mvua yasiingie kwa wingi katika nyumba za watu. Maslahi ya kobe na maslahi ya mkazi wa Kigogo kwa hapo ni mamoja.

Na sisi wananchi tuna sehemu yetu. Kwanza, kumkamata au kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na mnunuzi naye yumo. Kusafirisha wanyama hai kwenda nje serikali ilikwisha kupiga marufuku mwaka 2016. Pili, kobe hubeba bakteria wa salmonela bila yeye kuugua, na watoto wadogo ndio wanaougua kwa kuwa hushika kobe kisha hutia vidole mdomoni. Marekani ilipiga marufuku kuuza kobe wadogo wa gamba chini ya inchi 4 tangu mwaka 1975 kwa sababu hiyo. Tatu, ukimkuta anavuka barabara, mvushe upande aliokuwa anaelekea, uweke chini, unawe mikono, uende zako. Usimrudishe alikotoka, maana ataanza safari upya.

Hayo ndiyo niliyomweleza dada yule, kwa ufupi zaidi. Aliposikia habari za salmonela aliuvuta mkono wa mwanawe haraka, akanishukuru, akaondoka. Mtoto aliendelea kulia hadi walipoishia Mtaa wa Mchikichi.

Kijana akabaki na ndoo yake. "Sasa anko, umenifukuzia mteja," alisema, na alikuwa na haki ya kununa. Sikumlipa bei ya kobe, kwa sababu nilijua kumlipa ni kumtuma akalete wa pili. Nilimwambia twende tukale kwanza. Tukala wali maharage kwa mama ntilie, naye akala sahani mbili, nikaelewa kwamba ile elfu ishirini haikuwa ya anasa. Mzee mmoja muuza kahawa, aliyekuwa akitusikiliza tangu mwanzo, akacheka akasema, "Si mnasema ukimwona kobe kainama ujue anatunga sheria? Basi leo sheria yake imepita."

Saa kumi hivi tukashuka kwa miguu Mtaa wa Msimbazi hadi bondeni. Kijana alinionyesha alipomkuta, nami nikamuuliza kobe alikuwa ameelekea wapi. Akafikiri, akanyoosha kidole upande wa matete. Tukavuka naye, kijana akamweka chini. Kwa muda kobe hakutikisika, kichwa kimelala ubavuni. Kisha akakikunjua, akatazama, akaanza kwenda, si polepole kama tunavyosimuliwa, akaingia majini bila kuaga.

"Atakuwepo mwakani?" kijana aliniuliza.

Nilimwambia kwamba hilo halimtegemei kobe. Yeye sehemu yake anaijua: ajue lini kulala na lini kutembea. Akiamka masika ijayo atapanda kutoka kwenye tope na kwenda kulekule alikokuwa anakwenda. Kukuta maji au kukuta zege, hilo liko mikononi mwetu.